Salamu Kila Sekunde Kumi

Saa mbili za usiku. Umeme umeondoka na habari zake,
nami niko chumba cha mitambo, juu pale Nguba,
jenereta inakohoa uani kama mtu aliyelala njaa,
na ruta yangu inasalimia Goma.

Kila sekunde kumi: hodi.
Kila sekunde kumi, kutoka ng'ambo ya maji,
Himbi inaitika: hodi nawe.

Si kimya, basi. Kimya ningekijua.
Kimya ni kebo iliyotafunwa na panya,
ni antena iliyopindwa shingo na upepo wa Idjwi:
unapanda, unakaza skrubu, unashuka, unakula.
Hawa wanaamkiana vizuri, kisha wanakwama mlangoni.
Jirani kamwona jirani, jina kalitaja,
wanaulizana nani atangulie kusema,
halafu upya. Hodi.
Nilihesabu mara mia mbili na kumi na moja
kabla sijaacha kuhesabu.

Na Kadutu nzima haina njia.
Mama Nabintu wa kibanda cha kutuma pesa
ana wateja tisa wenye hasira, na wa kumi ana mtoto mgonjwa.
Ananipigia: "Ntakwinja, mutandao iko wapi?"
Iko hapa, mama. Iko inatoa salamu.

Nikampigia Katungu wa Goma.
Angalia namba ya eneo. Akaangalia: sawa.
Nywila, herufi kwa herufi. Sawa.
Muda wa kusalimu, muda wa kukata tamaa:
kumi, arobaini. Sawa, sawa.
Nikasema basi ni vumbi lenu la volkano, limeingia redioni.
Nikasema nyinyi watu wa mawe meusi mnajenga upesi mno.
Nikasema na mengine ambayo siyaandiki hapa.
Saa tatu nzima nilisema.
Yeye alipumua tu kwenye simu,
kibodi yake ikigonga polepole, kama anachambua mchele.

Mwishowe: "Yaya, tuma kitu kizito.
Salamu ni nyepesi, inapita popote."

Nikatuma bayti mia. Zikaenda, zikarudi.
Elfu moja. Zikarudi mbio.
Elfu moja na mia nne. Zikarudi.
Nikaongeza moja, moja tu, punje ya chumvi,
nikangoja,
nikangoja.

Mlango wake una upana wa elfu moja na mia tano.
Wangu una mia nne juu ya elfu.
Nani kaupunguza? Nikapekua kumbukumbu za mtambo,
nikashuka mstari kwa mstari hadi mwezi wa tatu,
usiku ule wa radi, tulipobadilisha redio kwa tochi ya simu:
jina langu.
Niliubana mlango "kwa muda",
neno lililojenga nusu ya mji huu,
na daftarini sikuandika kitu.

Ujirani wa zamani haukushtuka; walikuwa wameshajuana.
Jana umeme ulipokatika na ruta ikazimika,
wakaanza upya, kama wachumba,
na uchumba hupima kila kitu.

Nikarudisha mia moja yangu. Nikabonyeza.
Hodi. Hodi nawe. Wewe anza. Haya.
Kisha neno nililolitafuta tangu magharibi: kamili.
Njia zikamwagika kwenye skrini
kama sambaza kutoka kwenye beseni, zinang'aa, zinarukaruka,
na chini Kadutu simu zikaanza kulia moja moja.

"Katungu," nikasema, "ni mimi."
"Najua."
"Tangu lini?"
"Tangu saa mbili na nusu. Ruta yangu ililalamika mlango wako mwembamba."
"Na ukaniacha niseme yote yale?"
Jenereta ikakohoa. Ziwa katikati yetu, giza lote lile.
"Ulikuwa unasema, yaya. Sikupata pa kupitisha.
Umekula?"

Sijala. Ninaandika daftarini
tarehe, saa, namba, jina la mkosaji kwa herufi kubwa,
na mbele yangu taa ya kijani inapepesa
kila sekunde kumi.